MAHAKAMA YA AHERA: Jinsi Sehemu ya Pili ya "Along with the Gods" Ilivyomsahau Mshtakiwa

Agosti 1, 2018. Korea Kusini nzima iko sinema. Kwa siku hiyo moja tu zinauzwa tiketi zaidi ya milioni 1.2, rekodi ya siku ya kwanza ambayo nchi ile haikuwa imewahi kuiona. Muvi yenyewe ni Along with the Gods: The Last 49 Days, sehemu ya pili ya ile iliyowaliza watu miezi michache nyuma. Watu wameingia na leso mkononi, tayari kulia tena.

Halafu wakatoka, na swali lililobaki midomoni mwa wengi lilikuwa moja: hivi wale dinosaria walikuwa wanatafuta nini kuzimu?

Ndiyo, dinosaria. Kwenye muvi ya hukumu baada ya kifo.

Watu wengi wakiizungumzia hii muvi wanaishia hapohapo kwenye dinosaria, wanacheka, wanasonga mbele. Ila tatizo la sehemu ya pili ni kubwa zaidi ya mijusi ya kompyuta, na ukitaka kulielewa vizuri inabidi urudi nyuma. Urudi nyuma sana, zaidi ya miaka 1000, kwa watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye bango lolote la sinema.

Tahadhari mapema: humu kuna kila kitu mpaka mwisho. Kama hujaziona hizi muvi mbili na hupendi kusimuliwa, kaziangalie kwanza ndiyo urudi.

Mtu wa kwanza kufa

Stori inaanzia India. Kwenye maandiko ya kale kabisa ya huko kuna jamaa anaitwa Yama. Yeye ndiye binadamu wa kwanza kufa. Kwa kuwa alitangulia na hakukuwa na mwenyeji wa kumpokea, akawa mwenyeji wa wote waliofuata. Yaani ufalme wake aliupata kwa kuwahi kufika.

Dini ya Buddha ilipotoka India kwenda China, Yama alisafiri nayo. Wachina wakamwita Yanluo. Ilipofika Korea akawa Yeomra, na Japani akawa Enma. Kama unapenda katuni za Kijapani, huyo Enma umeshakutana naye mara kibao bila kujua ukoo wake.

Lakini Wachina hawakuishia kubadilisha jina tu. Wao walikuwa na serikali kubwa, maofisi kila kona, makarani, mafaili, mihuri. Basi na kuzimu nako wakakupanga hivyohivyo. Kufikia karne ya 9 na ya 10 kukawa na maandiko yanayoeleza kuwa huko ahera kuna wafalme kumi, kila mmoja na mahakama yake. Ukiangalia michoro ya zamani unawaona wamekaa nyuma ya meza kama mahakimu wa wilaya, pembeni makarani wameshika madaftari, mbele washtakiwa wamefungwa mbao shingoni. Yama, aliyekuwa peke yake, sasa akawa mfalme wa tano kwenye foleni ya kumi.

Kuna na kioo. Mshtakiwa akisimama mbele yake, kioo kinaonyesha kila alichofanya duniani, ukikana unaonyeshwa. Hawa watu walikuwa na kamera za usalama kabla ya umeme.

Ratiba ilikuwa hivi: ukifa, kila baada ya siku saba unapanda mahakama moja. Saba mara saba, siku 49. Halafu unapanda tena siku ya 100, mwaka mmoja, na mwaka wa tatu. Jumla mahakama kumi. Huku Pwani watu wanaijua arobaini, kwa hiyo wazo la kuhesabu siku baada ya msiba sio geni. Wenzetu wao ni arobaini na tisa.

Mume mmoja na ng'ombe mmoja

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu moyo wa stori nzima uko hapa.

Mahakama ile ilikuwa na mlango mmoja muhimu: ndugu waliobaki duniani waliruhusiwa kumsaidia mshtakiwa. Siku ya kesi ikifika, nyumbani wanafanya ibada, wanatoa sadaka, wanaandikisha maandiko matakatifu, na thawabu zake zinahesabiwa upande wa marehemu. Kwa maneno ya leo, familia ndiyo iliyokuwa wakili.

Huko kaskazini magharibi mwa China kuna mji unaitwa Dunhuang, uko kwenye njia ya zamani ya misafara ya biashara. Mwaka 958 mtumishi mmoja wa serikali ya pale alifiwa na mkewe. Jamaa hakuwa mfalme wala jenerali, alikuwa ofisa tu wa mji. Akahakikisha kwamba kila siku ya saba ikifika kuna andiko limenakiliwa kwa ajili ya mke wake. Siku ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na moja, mpaka ya arobaini na tisa. Akaendelea siku ya 100. Akaendelea mwaka ulipotimia. Akaendelea mpaka ile kesi ya mwaka wa tatu. Hakuruka hata moja.

Hebu fikiria. Wengi tukifiwa, mwezi wa pili maisha yashatubeba. Huyu mtu aliendelea kumtetea mke wake mpaka mahakama ya kumi, mbele ya mahakimu asiowaona, kwa kesi asiyojua imefikia wapi.

Nakala zile zilikuja kufungiwa kwenye pango pamoja na maelfu ya karatasi nyingine, na pango likakaa limezibwa mpaka mwaka 1900 lilipofunguliwa. Humo ndani walikuta na nakala nyingine iliyotolewa kwa ajili ya ng'ombe mzee wa kulimia. Mkulima ambaye hatumjui alikaa akaona ng'ombe wake amemtumikia, amekufa, naye anaelekea kwenye mahakama ileile. Kwa nini akose mtetezi?

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mahakama ya ahera kwenye vichwa vya watu wa kawaida. Ilitisha, ndiyo. Ila ilikuwa mahali ambapo mtu asiye na cheo chochote angesikilizwa kesi yake mwanzo mpaka mwisho. Duniani hakuwahi kupata hakimu wa kumsikiliza hata dakika tano, lakini kule angesikilizwa na wafalme kumi.

Shika hiyo pointi, tutairudia.

Karani aliyempelekea mfalme wito

Korea waliupokea mfumo huu wakauweka kwenye mahekalu yao. Mpaka leo mahekalu mengi ya Kibuddha kule yana ukumbi maalumu wa wafalme kumi, na familia bado zinafanya ibada ya siku ya 49. Hata utawala wa Joseon ulioanza mwaka 1392, uliokuwa unaisukuma dini ya Buddha pembeni na kutukuza mafundisho ya Confucius, haukuweza kuufuta. Watu wanavumilia kubadilishiwa serikali, ila ukitaka kuwazuia kumlilia mama yao hapo kimeumana.

Kisiwa cha Jeju, kule kusini, waganga wa jadi wana stori yao wanayoiimba kwenye matambiko. Inamhusu Gangrim. Ukiziangalia zile muvi, Gangrim ndiye yule kiongozi wa wajumbe wa kifo, mwenye koti refu jeusi na sura ya kazi. Ila Gangrim wa Jeju ni mtu mwingine kabisa.

Kule yeye ni mtumishi wa ofisi ya mtawala wa mji. Kuna mwanamke anakuja kulalamika kila siku: wanawe watatu wamekufa siku moja, anataka haki. Mtawala hana jibu. Anamwagiza Gangrim aende akamlete mfalme wa wafu, Yeomra mwenyewe, aje aeleze. Yaani katumwa kwenda kumkamata kifo.

Gangrim anakwenda kweli, na mfalme anakuja. Kesi inasikilizwa na ukweli unatoka: mwanamke yule zamani aliwaua vijana watatu wa watu kwa tamaa ya mali, na wale wanawe walikuwa ni vijana haohao waliorudi kuzaliwa kwake ili wamlize. Mlalamikaji ndiye muuaji. Halafu Yeomra anampenda Gangrim kwa ujasiri wake, anamtaka. Mtawala naye hataki kumwachia. Wanakubaliana kugawana: mtawala anachagua mwili, mfalme anachukua roho. Mtawala anabaki na maiti, na Gangrim anakuwa mjumbe wa kifo.

Stori tamu kinoma. Na ona nani yuko katikati: mtumishi wa chini, mtu wa kutumwa, anayempelekea wito mfalme wa kuzimu. Mdogo anamwita mkubwa mahakamani.

Katuni iliyowashika vijana

Songa mpaka 2010. Mchoraji wa Kikorea, Joo Ho-min, anaanza kutoa katuni ya mtandaoni kwenye tovuti ya Naver. Vijana wanaisoma kwenye simu wakiwa kwenye treni. Ilikwenda mpaka 2012 kwa sehemu tatu: ahera, duniani, na hadithi za kale.

Mshtakiwa wa sehemu ya kwanza anaitwa Kim Ja-hong. Kwenye katuni huyu jamaa ni mfanyakazi wa ofisini wa kawaida kabisa. Hakuokoa mtu, hakupigana vita. Aliugua kwa sababu ya pombe za kazini, zile ambazo bosi akisema kunywa unakunywa, na akafa. Anafika ahera kwa treni, anapewa wakili anaitwa Jin Gi-han, na wanaanza kupita mahakama moja baada ya nyingine. Msomaji anahesabu pumzi maana jamaa hana cha kujivunia. Wakili anachimba maisha yake ya kawaida anatafuta chochote cha kumtetea.

Ndiyo maana watu waliipenda. Kila aliyekuwa anasoma kwenye treni alijiona yeye ndiye Ja-hong.

Sehemu ya pili ya katuni ilihama ikaja duniani, kwa mzee mmoja anayelea mjukuu wake kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa kupisha majengo mapya. Miungu ya nyumba, ile ya jadi inayolinda jiko na mlango na paa, inajitokeza kuwatetea. Wakorea hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Januari 2009, katika eneo la Yongsan jijini Seoul, watu waliogoma kuhamishwa walikuwa wamejifungia juu ya jengo, polisi wakavamia, moto ukawaka, wakafa watu sita: waandamanaji watano na askari mmoja. Katuni ya mzee na mjukuu wake ilisomwa na watu ambao kidonda hicho kilikuwa bado kibichi.

Sehemu ya kwanza: faya aliyekuwa na siri

Anaingia mwongozaji Kim Yong-hwa. Huyu mwaka 2013 alikuwa ametoa Mr. Go, muvi ya gorila anayecheza baseball, ikafeli vibaya kule kwao. Kampuni yake ya picha za kompyuta ilibaki na ujuzi mkubwa na hasira ya kujaribu tena. Akaichukua katuni, na akafanya jambo ambalo Korea halikuwa la kawaida: akapiga muvi mbili kwa mpigo. Hela ya zote mbili ilikuwa kama won bilioni 40. Ya kwanza, The Two Worlds, ikatoka Desemba 20, 2017.

Mashabiki wa katuni walianza kulalamika mapema. Wakili Jin Gi-han kafutwa, kazi yake kapewa Gangrim. Na Ja-hong sio mfanyakazi wa ofisini tena, sasa ni askari wa zimamoto anayekufa akiwa amemkumbatia mtoto, wanaanguka pamoja kutoka kwenye jengo linalowaka. Wajumbe watatu wa kifo wanampokea kwa heshima zote: roho safi ya aina yake haijaonekana kwa miaka 19. Wao wenyewe wana maslahi yao, wameahidiwa kwamba wakifanikisha roho 49 ndani ya miaka 1000 nao watazaliwa upya. Ja-hong ni wa 48.

Malalamiko yalikuwa ya haki. Ila muvi ile ilijiokoa, na njia iliyotumia ni ya kuielewa vizuri.

Mahakama ni saba: mauaji, uvivu, udanganyifu, dhuluma, usaliti, ukatili, na ya mwisho ni kumkosea mzazi. Kila Ja-hong anapopita moja, ule ushujaa wake unabanduka kidogo. Alikuwa mchapakazi, ndiyo, lakini alikuwa anafukuzia hela. Alikuwa anaandika barua za uongo: kwa mama yake kwamba yuko salama, na kwa binti wa mwenzake aliyekufa akijifanya ndiye baba. Ukifika mahakama ya saba umebaki na mtu mtupu. Na siri inatoka: akiwa kijana, nyumbani hakuna chakula, mama bubu anaumwa hajiwezi, mdogo wake ana njaa, usiku mmoja alishika mto akasogea kumziba mama pumzi. Mdogo wake akaamka kumzuia. Ja-hong akampiga mdogo wake akakimbia, na hakurudi nyumbani tena, alibaki kutuma hela tu.

Halafu pigo la mwisho: usiku ule mama alikuwa macho. Alijua. Alinyamaza miaka yote, na alishasamehe.

Sheria ya ahera kwenye muvi inasema kosa lililosamehewa kwa dhati na walio hai halihukumiwi tena kule. Kesi imeisha. Sinema nzima ilikuwa machozi, na tiketi zikauzwa zaidi ya milioni 14.4 kwenye nchi yenye watu kama milioni 51. Kwa wakati ule ilikuwa ya pili kwenye historia ya tiketi za Korea, nyuma ya The Admiral ya mwaka 2014.

Umeona kilichotokea? Muvi ilianza na shujaa, ikamaliza na mtu wa kawaida mwenye aibu yake. Ilifuata njia tofauti na katuni ikafika palepale. Na aliyemtoa ni mama bubu ambaye duniani hakuna aliyewahi kumsikiliza. Ni yule mume wa Dunhuang tena: familia ndiyo wakili.

Sehemu ya pili: mahakimu wakaanza kujisimulia

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe.

Roho ya 49 ni Su-hong, yule mdogo wake Ja-hong. Alikuwa jeshini. Mwenzake alifyatua risasi kwa bahati mbaya ikampata, na mkuu wao, kwa kuogopa kupoteza cheo, akamzika. Tatizo ni kwamba Su-hong alizikwa akiwa bado hai.

Simama hapo kidogo. Ni kesi ya kutisha kuliko ya kaka yake. Kijana amefukiwa na watu wa kambi yake mwenyewe, nyumbani kuna mama bubu aliyepoteza watoto wawili. Hapo pana muvi nzima ya saa mbili.

Lakini The Last 49 Days inamweka Su-hong kiti cha nyuma. Gangrim anatembea naye kwenye majangwa na mabahari ya kuzimu, na safari yao inageuka kuwa Su-hong anauliza maswali na Gangrim anasimulia maisha yake ya miaka 1000 iliyopita, enzi za Goryeo na vita vya mpaka wa kaskazini. Wajumbe wengine wawili wanatumwa duniani kumchukua mzee wa nyumba ya kubomolewa, wanakutana na mungu wa nyumba anayemlinda. Huyo anachezwa na yule pande la mtu wa Train to Busan, na ukweli usemwe, kila akitokea muvi inapumua. Mungu mzima kaweka hela za mzee kwenye uwekezaji, soko limeporomoka, na sasa anawakimbia wakopeshaji. Lakini kazi yake kubwa kwenye stori ni ileile: kuwasimulia wajumbe wawili maisha yao ya zamani.

Kwa hiyo tuna wasimuliaji wawili, sehemu mbili, wanasimulia stori moja ya kale kwa zamu. Kesi ya Su-hong imesimama. Mzee na mjukuu wamesimama. Muvi inazidi saa mbili, na sehemu kubwa yake watu wanaeleza mambo yaliyopita. Bila shaka mtu aliona watazamaji watasinzia, ndipo wakaletwa dinosaria.

Kinachouma ni kwamba wazo lilikuwa zuri. Gangrim wa muvi ni mtoto wa jenerali mkubwa. Baba yake alimchukua mtoto yatima wa upande wa adui akamlea, na Gangrim akaona wivu. Siku baba alipoanguka vitani, Gangrim alimkuta chini ya maiti akiwa bado anapumua, akageuka akaondoka. Na wale wajumbe wawili anaofanya nao kazi miaka yote hii ni watu aliowaua yeye mwenyewe, wao hawakumbuki, yeye anakumbuka kila kitu. Ndiyo maana ameing'ang'ania kesi ya Su-hong: mkuu wa jeshi aliyemfukia mtu hai ni kioo chake.

Ukisikia hivyo kwa dakika moja unasema hii ni moto. Shida ni kwamba muvi imeitoa kwa saa mbili za maelezo, halafu ikaongeza na ya mwisho: Yeomra, mfalme wa kuzimu, anayechezwa na jamaa ambaye miaka mitatu baadaye dunia nzima ilimjua kama namba 456 wa Squid Game, kumbe ndiye baba yake Gangrim. Yule jenerali.

Rudi sasa kwenye ile pointi uliyoishika. Yama alikuwa mtu tu, wa kwanza kufa. Muvi imemfanya jenerali. Gangrim wa Jeju alikuwa mtumishi wa kutumwa. Muvi imemfanya mtoto wa jenerali. Mahakama iliyotungwa ili mtu asiye na jina asikilizwe, imegeuka kikao cha familia moja ya wakubwa wanaomaliza ugomvi wao wa urithi. Aliyezikwa hai anakaa pembeni anasikiliza matatizo ya hakimu.

Na yule mzee na mjukuu wake, ambao kwenye katuni walibeba uchungu wa watu wanaobomolewa nyumba, kwenye muvi wamekuwa sababu tu ya kuwakutanisha wajumbe na msimuliaji wao.

Ilifeli au haikufeli?

Ukiangalia hela, haikufeli hata kidogo. Iliuza tiketi milioni 12.27. Ilikuwa mara ya kwanza Korea kwa muvi na mwendelezo wake zote kuvuka milioni 10. Na tusisahau mazingira. Mapema 2018, baada ya tuhuma za unyanyasaji kuibuka, waigizaji wawili waliokuwa tayari wamerekodi waliondolewa, na vipande vyao vikapigwa upya na watu wengine. Kufika Agosti na muvi iliyokamilika ni kazi ya watu waliokomaa.

Lakini tofauti ya tiketi milioni mbili na zaidi kati ya ya kwanza na ya pili inasema kitu. Mwanzo watu walikuja kwa deni la machozi ya Desemba, ndiyo ile rekodi ya siku ya kwanza. Ya kwanza ilipandishwa na watu waliotoka wakawaambia mama zao twende wote. Ya pili ilikuwa ngumu kumwambia mama. Utamwambiaje? Mama, twende ukaangalie jenerali na mwanawe?

Wengine watasema ya pili ndiyo ya kiume zaidi, ya kwanza ilikuwa inakamua machozi kwa nguvu. Kuna ukweli. Ya kwanza haina aibu, inakubana mpaka ulie. Ila machozi yale yalikuwa na mwenyewe. Ukitoka pale unakumbuka mara ya mwisho ulipompigia simu mzazi ukamdanganya kwamba mambo safi. Ukitoka kwenye ya pili unakumbuka dinosaria.

Miaka elfu na zaidi iliyopita mkulima asiyejulikana aliona hata ng'ombe wake anastahili kutetewa mbele ya wafalme kumi. Muvi ya mabilioni ikapewa kijana aliyezikwa hai, na ikakosa muda wa kumsikiliza.

Sasa tuseme wewe ndiye umesimama mbele ya kile kioo. Kati ya mahakama zile saba, mauaji, uvivu, udanganyifu, dhuluma, usaliti, ukatili na kumkosea mzazi, ipi ungetoboa na ipi ingekukamata? Na kule nyumbani nani angesimama kukutetea mpaka ile kesi ya mwaka wa tatu?

Tiririka hapo chini. Usidanganye, kioo kinaona.